Shajara ya kumrekodi Mzee: tromboni katika ghala la kahawa, Moshi

Jumamosi, 14 Juni 2025

Mzee amekubali. Nilifika kwake Machame asubuhi, ukungu bado umekaa migombani, nikamkuta barazani na tromboni mapajani. Alikuwa anapaka slaidi, lile bomba la kuvuta na kusukuma, krimu ya uso kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mama. Karibu, kaa. Ila usinisemeshe kwanza."

Alipomaliza krimu akachukua kichupa cha kunyunyizia, kile cha saluni, akapulizia maji. Matone yakasimama juu ya krimu kama umande kwenye jani la mgomba. Akainamisha ala kidogo, slaidi ikashuka yenyewe bila kukwaruza. Ndipo akaniangalia. "Haya, sema."

Nikamweleza ninachotaka: kumrekodi laivu, saa moja na zaidi, yeye mbele na watu watatu nyuma yake. Ana miaka 74 na amepuliza tangu ana miaka 12. Muda wote huo sauti yake iliyohifadhiwa ni kaseti moja ya harusini, na upande mzima wa kaseti hiyo ni hotuba za wazazi. Mimi mwenyewe nilijifunza tarumbeta kwenye usharika aliokuwa akifundisha. Nilikuwa darasa la tano, na ndiye aliyeniwekea kitabu cha nyimbo tumboni nikiwa nimelala chali, nione kama kinapanda nikivuta pumzi. Leo mimi ni fundi mitambo wa sauti. Nimerekodi kwaya nyingi za mkoa huu, na kila kazi ya mtu mwingine ikikamilika, roho hunisuta kwamba yake bado.

Alitoa sharti moja tu. "Sitapigia ukuta. Niletee watu."

Niandike alikotoka, maana bila hilo rekodi haitaeleweka. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na ile desturi ya Kijerumani ya kuimbisha waumini kwa ala za shaba imekaa sharikani kwetu mpaka leo. Wajerumani wenyewe huliita kundi la namna hiyo kwa jina la tromboni, ijapokuwa ndani yake zimo tarumbeta na tuba pia. Huko ndiko alikopata mdomo wake: noti ndefu, safi, za kumbeba mzee wa kanisa asiyejua kuimba. Jazi aliipata usiku, kwenye redio ya betri ya kaka yake. Sauti ya Amerika ilikuwa na kipindi cha jazi kilichoanza mwaka 1955, mtangazaji Willis Conover, mtu aliyezungumza Kiingereza polepole makusudi ili wasikilizaji wa nchi za mbali wamfuate. Masafa mafupi yanakuja na kuondoka kama wimbi, na katika kuja na kuondoka huko Mzee alimsikia J.J. Johnson akipiga tromboni kwa kasi ambayo yeye aliamini ni ya tarumbeta. Aliniambia alilala akiwa amekasirika.

Halafu kuna jazi ya huku. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz: kwa jina ni jazi, ukisikiliza ni rumba na dansi, magitaa mbele, shaba zinajibu nyuma. Mwaka 1970 ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga wakaanzisha Arusha Jazz, na mwaka uliofuata walikuwa Nairobi, wakawa Simba Wanyika. Mzee alikuwa na miaka 19. Alipanda basi kwenda Arusha akasimama dirishani kwa nje, kwa sababu hela ya kiingilio hakuwa nayo. Katika upulizaji wake nasikia vyote vitatu: kanisa kwenye noti ndefu, redio kwenye vidole vya mkono wa kulia, na dirisha lile la Arusha kwenye namna anavyosubiri zamu yake.

Alhamisi, 19 Juni

Mahali tumepata. Ni ghala la zamani la kahawa hapa Moshi mjini, siku hizi linakodishwa kwa mikutano na sendoff. Kuta za mawe nene, sakafu ya saruji, paa la bati lisilo na dari. Barabara ni kama mita 40 kutoka mlangoni.

Bati ndilo lililonitisha. Mvua ikipiga bati, hakuna rekodi; hata mvua ya dakika tano inakula wimbo mzima. Masika imekwisha. Julai huku ni baridi na mawingu, mara manyunyu ya asubuhi, lakini jioni kwa kawaida ni kavu. Tumechagua Jumamosi tarehe 26 Julai, kuanzia saa kumi na moja kasoro robo, ili tutumie mwanga wa jua na tusitegemee umeme wala jenereta. Kinasa sauti kina betri, kinanda na kikuza sauti chake kidogo vitakaa kwenye inveta.

Nilisimama katikati ya ghala tupu nikapiga kofi moja. Mwangwi ulizunguka nikahesabu mpaka tatu ndipo ukafa. Hiyo ni nyingi mno kwa dramu; kila pigo lingemkanyaga mwenzake. Mlinzi wa ghala, baba wa makamo aliyekuwa akinitazama, akaniuliza kama magunia yatasaidia. Yako magunia matupu zaidi ya mia mbili kwenye chumba cha nyuma, bado yananuka kahawa mbichi. Tumetundika arobaini kwenye ukuta wa nyuma kwa majaribio, nikapiga kofi tena, na sauti imetulia kabisa. Wengine wangesema tungetundika yote. Sitaki. Watu wenyewe watakuja na miili na makoti yao.

Hilo la miili si mawazo yangu. Mwaka 1895 chuo cha Harvard kilimpa Wallace Sabine kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilichukua sekunde 5.5 kufa. Alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, anapima, anairudisha kabla ya asubuhi. Akapima na watu pia, akaona kwamba mtu mmoja aliyekaa kimya anameza sauti kama mito kadhaa ya viti. Kwa hiyo ninapopima ghala hili tupu, napima chumba kingine kabisa, sicho nitakachorekodi.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, kila mtu yuko huru, tumefanya mazoezi ya kwanza kamili. Kinanda anapiga dada anayeongoza kwaya ya vijana, msomi wa noti, mkali kwa usahihi na nampenda kwa hilo. Besi ni kaka aliyekulia kwenye kwaya za sol-fa, yaani do re mi, ukimwambia "F" anakuuliza "do iko wapi?" Dramu ni kijana wa Majengo mwenye mkono mwepesi kwenye brashi.

Tumekwama kwenye wimbo wa kahawa, utunzi wa Mzee mwenyewe, wa polepole. Aliutunga zamani akiwa na bendi ya magitaa, na magitaa hupenda E, kwa hiyo aliuweka kwenye E. Noti ya mwisho ni E ya chini, na kwenye tromboni yake, isiyo na vali ya kidole gumba, E hiyo iko nafasi ya saba: mkono wote unyooke mpaka bega lisogee. Bega lake la kulia halifiki tena. Alijaribu mara mbili, mara ya pili akaikamata slaidi kwa ncha za vidole ili isianguke, sote tukanyamaza.

Kaka wa besi ndiye aliyesema, kwa upole, "Baba, tupandishe do."

Tukaupandisha nusu toni. Sasa uko kwenye F, na F ya chini iko nafasi ya sita, karibu sentimita 10 nyuma. Mzee alipiga mara moja, akaishikilia, akatikisa kichwa kukubali. "Wimbo umepanda kwa sababu ya bega. Uandike hivyo." Nimeandika.

Wakati wa chai dada wa kinanda akauliza swali ambalo lingefika tu: makosa tutafanyaje? Alipendekeza turekodi Jumamosi na watu, kisha Jumapili turudie bila watu, tuchukue kilicho safi kila upande. Ni pendekezo la kitaalamu na halina ubaya. Nikawasimulia jambo la siku kama ya leo. Usiku wa tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la jazi la Newport, Marekani, bendi ya Duke Ellington ilipiga mpaka watu wakasimama juu ya viti. Paul Gonsalves alipuliza saksafoni mizunguko 27 mfululizo. Lakini alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni ya Sauti ya Amerika, si ile ya kampuni ya sahani za santuri, hivyo upande wa kampuni akasikika yuko mbali. Siku mbili baadaye bendi ikaingia studio, ikarudia sehemu kubwa ya vipande, na makofi yakabandikwa juu. Sahani ikauzwa kama ya tamashani. Baadaye kanda za Sauti ya Amerika zikapatikana, na mwaka 1999 ndipo ikatolewa rekodi iliyounganisha kanda zote mbili, watu wakasikia usiku wenyewe.

Mzee alikaa na kikombe mkononi. Redio ile ile iliyomfikia Machame ndiyo iliyokuwa imeshika sauti ya kweli. Akasema, "Mimi usinibandikie makofi."

Tumekubaliana: Jumamosi ni rekodi, Jumapili ni akiba.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya waya. Kulikuwa na mvumo kwenye chaneli ya kinanda, ule wa hezi 50 unaokaa chini ya kila kitu kama jokofu la jirani. Nimehangaika saa tatu nzima, kumbe kinanda na miksa vilikuwa vinapata athi kutoka soketi mbili tofauti. Vyote sasa viko kwenye inveta moja, mvumo umekwisha. Maikrofoni moja ya kukodi ililetwa imekufa; nimeirudisha.

Mpangilio ni chaneli nane: tromboni moja, kinanda mbili, besi moja, dramu mbili, ukumbi mbili. Biti 24 kwa kilohezi 48, chaneli nane zinakula karibu GB 4 kwa saa, kadi zangu zinatosha mara tatu. Kwa tromboni nimechagua maikrofoni ya utepe, nikaiweka mita moja kutoka kwenye kengele, yaani mdomo mpana wa ala, na pembeni kidogo. Sauti kali za shaba zinatoka kwenye kengele moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Ukikaa mbele kabisa unapata sauti zinazochoma, ukipisha kidogo unapata mtu.

Mzee aliomba kizibo. Vizibo vya dukani vya ala za shaba huku havipatikani, na yeye hata havitaki. Tricky Sam Nanton wa bendi ya Ellington alikuwa akitumia mpira wa kuzibulia sinki, akiupeperusha mbele ya kengele mpaka tromboni inasema maneno. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni, nikajaribu mipira mitano mbele ya muuzaji. Nimenunua mwekundu, laini kuliko yote, nikaung'oa mti.

Ijumaa, 25 Julai

Viti 120 vimefika. Magunia sitini ukutani. Zulia la kukopa chini ya dramu. Mzee amelala kwa binti yake mtaa wa Shantytown ili asisafiri kesho. Anga ni jeupe, hakuna upepo.

Jumamosi, 26 Julai, usiku

Naandika mikono ikitetemeka bado.

Walikuja watu 113, mlinzi aliwahesabu mlangoni. Wazee wa usharika, akina mama waliovaa kama wanakwenda ibadani, wanafunzi, waongoza watalii wawili waliosikia kwa jirani. Nyimbo mbili za kwanza zilikuwa nzuri na za tahadhari. Mzee alikuwa akipima chumba. Wa tatu alitumia ule mpira, na ulipoanza kusema maneno kibibi mmoja safu ya mbele akajibu "Eee, baba!", ukumbi ukafunguka. Kuanzia hapo kasi ilipanda kidogo kuliko mazoezini na hakuna aliyeirudisha. Katika wimbo wa nne alipuliza noti moja huku akiimba nyingine kooni, zikatoka sauti tatu kwa mkupuo. Albert Mangelsdorff wa Frankfurt ndiye aliyeusukuma ufundi huo mbali kuliko wote, lakini Mzee anasema yeye alianza akiwa peke yake shambani, kwa sababu alitaka kusikia kwaya na hakuwa na kwaya.

Wimbo wa tano, wa kahawa. Kinasa kilikuwa dakika ya 41. Kinanda kimeingia taratibu, brashi zinafagia, Mzee amemaliza mzunguko wa kwanza na ameshusha sauti mpaka nikasogeza hedifoni zaidi masikioni. Ndipo nikasikia kwenye maikrofoni za ukumbi kitu ambacho hakikuwemo chumbani.

Matarumbeta.

Jumamosi, Moshi, Julai. Nilipima bati, mvua, umeme, athi. Harusi sikuikumbuka. Msafara ulikuwa unatoka upande wa mzunguko, vijana wamesimama nyuma ya pikapu, tuba, tarumbeta, tromboni, ngoma moja, honi za magari nyuma yao. Walikuwa wanapiga kwenye B-flati, ila juu kidogo ya B-flati halisi. Nikaweka kidole kwenye kitufe cha kusimamisha. Nakiri hapa kwamba nilikiweka.

Mzee aliondoa ala mdomoni. Akageuza kichwa kuelekea mlangoni, akasikiliza pengine sekunde nne. Kisha akamtazama kaka wa besi akasema neno moja, nimelisikia kwenye rekodi: "So."

Kaka akaelewa papo hapo, kwa sababu huo ndio muziki aliokulia. Do yetu ni F. Kwa wale wa barabarani, F ni so yao. Hatukuwa mbali nao hata kidogo, tulikuwa tumesimama mlangoni kwao. Dada wa kinanda akaongeza E-flati kwenye mkono wa kushoto, kodi ikaanza kuvuta kuelekea B-flati. Ila si rahisi kukipandisha kinanda robo ya nusu toni katikati ya wimbo, wala gitaa la besi lenye vyuma vya shingoni. Dada akasikia jinsi noti zake zinavyokwaruzana na za nje, akainua mikono yote miwili akaiweka magotini. Besi naye akanyamaza. Brashi zikabaki.

Tromboni haina funguo wala vyuma. Mzee akavuta slaidi ndani kwa upana wa kidole, akaingia nao. Hakupiga wimbo wao. Alipiga ile sauti ya chini ya nyimbo za kanisa, noti ndefu, kama aliyewawekea mkeka watembee juu yake. Akina mama ndani ya ghala, kwa kusikia kuna bi harusi anapita, wakapiga vigelegele, na kutoka barabarani wakajibiwa. Pikapu ikapita usawa wa mlango. Ilipokuwa inapita, mlio wao ukawa unashuka, kama chombo kinachopita kinavyoshuka, na Mzee akashuka nao. Niliuona mkono. Ulisogea nje polepole, sentimita mbili, nne, macho ameyafumba, hakuacha hata mpigo mmoja wa hewa katikati yao na yeye. Walipokata kona akabaki peke yake kwenye noti ambayo haipo kwenye kinanda chochote.

Akairudisha F taratibu. Dada akaweka mikono. Wakamaliza mzunguko wa mwisho pamoja, na noti ya mwisho kabisa, ile F ya chini, ikapasuka. Ilianza, ikakatika, ikatoka hewa tupu, ikarudi nusu yake. Watu walisimama kabla haijaisha.

Tulipiga nyimbo tatu zaidi. Zipo, ni nzuri. Nitaziandikia siku nyingine.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya ibada tumerudia wimbo wa kahawa mara mbili bila watu. Mara ya pili ni safi mwanzo mwisho, F ya chini imekaa kama jiwe. Mzee alikaa kwenye kiti muda wote. Alipomaliza akauliza mlinzi kama viti vitarudishwa leo.

Jumanne, 12 Agosti

Wiki mbili za kuchanganya sauti, na mabishano ya heshima. Dada wa kinanda hakuwa anataka kuondoa msafara; hata yeye alisema huo ndio moyo wa sahani nzima. Anachotaka ni F ya mwisho. "Dada, sekunde sita tu. Chukua ya Jumapili, ishone pale. Baba amepuliza miaka yote hii, kwa nini watu wamkumbuke kwa noti iliyopasuka?" Alisema hivyo kwa uchungu na nilimwelewa. Anamlinda.

Nikajaribu, kwa uaminifu wote. Ni kazi ya dakika kumi. Toni inalingana, kasi inalingana, krimu na maji yale yale. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Na pale kwenye mshono chumba kinaondokewa na watu. Tromboni ya Jumamosi inakauka mapema kwa sababu miili 113 inaimeza. Ya Jumapili inaning'inia batini muda mrefu, peke yake. Nikaongeza, nikapunguza, nikaweka makofi juu, bado. Katikati ya noti unasikia viti vitupu. Nikamwita dada akasikiliza mara tatu. Mara ya tatu akavua hedifoni akasema, "Wameondoka," akanyamaza. Hatujalizungumza tena.

Nimepima ule mshuko. Gari likija kwa kilomita 20 hivi kwa saa, sauti yake inafika imepanda robo ya nusu toni. Likiondoka inashuka kiasi hicho hicho. Jumla ni nusu ya nusu toni, na kwa kuwa barabara iko mita 40, mshuko haukuja ghafla, ulitandazwa kwenye sekunde kadhaa. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alithibitisha jambo hilo kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni karibu na Utrecht, wenzao wenye masikio mazuri wamesimama kando ya reli. Nimemwonyesha Mzee mchoro kwenye kompyuta: mstari wa msafara na mstari wa tromboni, vinashuka pamoja, havijaachana popote. Aliangalia kwa adabu. Kisha akaomba asikilize mpaka mwisho. Kwenye F iliyopasuka hakukunja uso.

"Hapo pumzi yote nilikuwa nimewapa wale vijana," alisema. "Iache."

Imebaki.

Jumamosi, 30 Agosti

Jambo ambalo lingenifanya nisilale: wale vijana wa matarumbeta wamo kwenye rekodi kwa sekunde 53 na hawajui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji, hata asiyetunga. Lakini hata isingekuwepo sheria, wamepuliza, tumewachukua. Nimewatafuta wiki mbili kupitia wapambaji na MC wa harusi, leo nimewapata kijiweni kwao, ala zimeegemezwa ukutani, tuba imejaa viraka vya kuchomelea.

Ni sita. Mkubwa wao hajafika miaka thelathini. Walidhani nimekuja kuweka oda ya sendoff. Nilipowaeleza wakaitana, wakainama juu ya simu yangu na spika ndogo. Mwanzo walicheka kwa kujisikia. Mzee alipoingia chini yao wakaacha kucheka. Mwenye tromboni, kijana mwembamba mwenye alama nyekundu ya kikombe cha kupulizia kwenye mdomo, akaomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akaomba tena. Mara ya nne aliuliza, "Hapa dada, ni sisi tulioshuka au ni yeye?"

Nikamweleza habari ya gari. Alisikiliza, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa hewani unasogea mbele polepole, sentimita mbili, nne, anatafuta ilikuwa wapi.

Tumekubaliana. Mapato ya wimbo wa kahawa yatagawanywa kana kwamba walikuwa wapigaji wa kawaida wa wimbo huo, kila mmoja na fungu lake, na nimewaachia nakala ya makubaliano wakasome na mtu wanayemwamini kabla ya kuweka sahihi. Walichoomba cha ziada ni majina yao yawekwe kwenye jalada, yote sita, na ala mbele ya kila jina. Nimeyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, mmoja amenisahihisha mara mbili. Nayapeleka kwa mchapaji Jumatatu asubuhi.